Wiki Tatu Bila Joho

Jumapili ile nilifika katikati ya Sala ya Bwana nikasahau. Sala niliyoisali tangu utotoni, niliyowafundisha watoto wa kipaimara kwa miaka kumi na sita, ilinitoka kabisa. Nilisema "utupe leo" nikanyamaza. Washarika walingoja kidogo, wakidhani nataka kukohoa. Halafu mzee wa kanisa aliyekaa benchi la mbele akaendelea, na kanisa zima likamfuata hadi amina. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza ya madhabahu, nikiwasikiliza.

Nje, baada ya ibada, walinipa mikono.

"Pole na malaria, Mchungaji."

"Asante. Nitapima."

Sikuwa na malaria. Nilikuwa na mwaka na miezi minne tangu nimzike mume wangu.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Presha ilimwangusha shambani, kwenye tangawizi, na usharika wetu uko juu sana milimani. Gari lilipomfikisha hospitali kule Same alikuwa ameshakata roho. Siku ya maziko watu walijaa hadi barabarani. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, lakini kila aliyekuja kunipa pole aliishia kulia begani kwangu, nami nikambembeleza. Mama mmoja aliniambia, "Wewe Mungu amekupa nguvu, Mchungaji. Sisi wengine tungeshakufa." Nikamshukuru. Wiki iliyofuata ukatokea msiba mwingine kijiji cha pili, nikavaa joho nikaenda kuwafariji wafiwa.

Nyumba ya mchungaji ina vyumba vinne. Zamani, nikitoka kanisani, nilimkuta mume wangu ameshachemsha chai, naye aliuliza kila Jumapili, "Leo umehubiri, au umetusomea tu?" Nilikuwa nakasirika, kisha tunacheka. Baada yake nilikuwa nikiingia, natundika joho, nakaa kwenye kigoda cha jikoni na viatu miguuni mpaka jua linazama. Waliopita njiani waliona mlango uko wazi na kimya kimetanda, wakaambiana kwamba Mchungaji yuko kwenye maombi. Binti yetu alikuwa akipiga simu kutoka Mwanza. Nilimwambia niko salama.

Habari ya Sala ya Bwana ilimfikia mkuu wa jimbo letu la kanisa. Aliniita ofisini.

"Mara ya mwisho ulichukua likizo lini?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa.

"Basi wiki tatu," akasema. "Mwinjilisti atashika ibada. Usirudi kabla."

"Nimekosa nini, Mkuu?"

"Hujakosa, mama. Umechoka."

Nilitoka mle nikijiona nimefukuzwa. Nilipanda basi pale Same, nikashuka Kifaru, nikachukua bodaboda kupanda Ugweno, nyumbani kwetu nilikozaliwa. Dada yangu anaishi kule na kahawa yake, migomba na ng'ombe mmoja. Ananizidi miaka kumi na miwili, na mama alipougua ndiye aliyenilea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, Mchungaji."

Hata yeye ananiita Mchungaji. Niliingia ndani.

Kesho yake asubuhi majirani watatu walikuwa wamekaa uani wakinisubiri. Mmoja mwanawe amekosa kazi, mwingine miguu inamvimba, wa tatu hasemezani na mkwewe. Niliwaombea. Siku ya pili walikuja saba. Siku ya tatu baba mmoja alitaka niende nikamsuluhishe na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba. Nikamwambia nachukua kitenge changu, nakuja. Badala ya kuchukua kitenge nilipita nyuma ya jiko, nikaingia migombani, nikakaa chini na kuanza kulia.

Dada alinikuta pale, mundu mkononi, anakata majani ya ng'ombe.

"Unalia nini?"

"Sijui."

Alisimama akinitazama. Hakunigusa, kwetu hatukulelewa hivyo. Kisha akasema, "Kaa hapo hapo," akaenda uani. Nilimsikia akisema kwa Kigweno kwamba Mchungaji amesafiri.

"Si nimeongea naye sasa hivi?" yule baba akauliza.

"Uliyeongea naye ni mdogo wangu. Amekuja kunisaidia kuchuma kahawa."

Tangu hapo nilichuma kahawa. Dada aliifungia simu yangu kabatini, ufunguo akautia kwenye pindo la khanga. Nilidhani nitapata nafuu mara moja, kumbe kupumzika kulikuwa kugumu kuliko kazi. Misiba ya watu ilikuwa imenifichia wa kwangu. Sasa hapakuwa na wa kumfariji, na kila nilipoinama chini ya mti wa kahawa, mume wangu alinijia mawazoni. Nililala mchana kama mgonjwa. Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani, na walipofika kwenye Sala ya Bwana nilifunga mdomo nikawaacha wengine wasali. Sikusikia faraja yoyote. Nilisikia tu kwamba sikuwa na kazi ya kufanya pale, na machozi yalinilengalenga.

Wiki ya pili, tukiwa tunapukuchua maharage barazani, dada akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Ulimlilia mumeo?"

"Sikupata nafasi."

"Mwaka mzima?"

"Watu walikuwa wanakuja, dada."

Alitupa maganda pembeni. "Basi niambie alikuwaje. Mimi nilimjua kwenye sherehe tu."

Nikamwambia. Kwamba alizidisha chumvi kwenye makande na hakukubali kamwe kuwa amezidisha. Kwamba alisahihisha mahubiri yangu kwa kalamu nyekundu. Kwamba asubuhi ile ya mwisho aliniomba twende wote shambani, nikamjibu nina kikao, akasema sawa, kisha akarudi kutoka mlangoni kuniuliza kama kikao kitakwisha mapema. Nilipofika hapo sauti ilinivunjika. Nililia kwa nguvu, maharage yakamwagika. Dada aliendelea kupukuchua. Nilipotulia akauliza, "Halafu?" Nami nikaendelea.

Niliporudi usharikani niliwaomba wazee wa kanisa siku ya Jumatatu iwe yangu.

"Na mtu akifa Jumatatu?" mmoja akauliza.

"Mtampigia mwinjilisti. Nitamzika Jumatano."

Walitazamana, wakakubali. Si wote walipenda. Yuko mama ambaye mpaka leo hunisalimia kwa kichwa tu, kwa kuwa Jumatatu moja alinikuta nimekaa nje nasuka mkeka, nikamwomba aje kesho.

Jumatatu za mwanzo zilikuwa ndefu ajabu. Siku moja nikampigia mchungaji mwenzangu wa kule tambarare, mwanamke kama mimi, ambaye tulikuwa tukionana naye kwenye mikutano tu. Nilimuuliza, "Mwenzangu, wewe mchungaji wako ni nani?"

Nikasikia anapenga kamasi. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," akasema.

Sasa Jumatatu moja kila mwezi nashuka Same, naye anakuja, tunakula wali na maharage kwenye mgahawa karibu na soko. Mwezi uliopita alinieleza jambo la ndoa yake ambalo hajamwambia mtu. Sikufungua Biblia. Nilimsikiliza mpaka chai ikapoa, naye akanisikiliza mimi.

Nilipanda gari la mwisho kurudi mlimani. Nyumbani hapakuwa na anayenisubiri. Nilijua hivyo tangu asubuhi, na bado nilipotia ufunguo mlangoni nilichomwa moyoni. Niliwasha moto, nikapika ndizi za mtu mmoja, nikatandika kitambaa mezani, nikakaa nikala zote.