Visanduku Vyenye Alama Nyekundu

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua kwa shule moja ya Kitswamba iliyokuwa inabadilisha vifaa, na walionicheka walikuwa na haki. Ilikuwa na chogo kama televisheni za zamani, ikiwashwa inanguruma, na umeme ukikatika inasahau tarehe na mwaka. Kuku wa maskini hatagi, husema watu, lakini wangu alitaga. Nilichapa barua na kutoa fotokopi pale Bwera, upande wa Uganda, karibu na soko la mpakani, nikala na nikavaa. Askari walileta barua za kuomba likizo, wachuuzi walileta vyeti vya ubatizo vya watoto wao. Kwa kazi hizo mashine haikunisumbua. Intaneti ndiyo iliyonidhalilisha.

Tovuti zilikuwa zinabadilika, na brauza yangu ilikuwa ileile iliyokuja na mashine. Kwanza maandishi ya ukurasa mmoja yalipandana, kisha ukurasa mwingine ukagoma kufunguka, na mwishowe karibu kila nilikoingia nilikuta mstari wa manjano juu, ukinieleza kwamba brauza yangu imezeeka, nipakue mpya. Nikibonyeza kupakua naambiwa hiyo mpya haikubali kompyuta ya umri huu. Fundi kutoka Kasese aliitazama, akanishauri ninunue nyingine, akaenda zake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Waliotengeneza kurasa zile walidhani kila mtu duniani ana kompyuta ya mwaka huu.

Mwanamke aliyenifanya niichukie mashine ile alitoka ng'ambo, Kongo, siku ya soko, akiwa na beseni la unga wa muhogo. Alikuwa amepotezana na binti yake wa miaka sita siku risasi zilipoanza kijijini kwao. Yeye alikimbilia upande huu, mtoto akazolewa na watu wengine waliokuwa wakikimbia, mama asijue wamemfikisha wapi. Mtu alimwambia kuna shirika linaloweka kwenye intaneti picha za watoto waliookotwa peke yao. Majina hayaandikwi, kwa usalama wao. Kuna picha, namba na maneno machache tu. Mzazi akiutambua uso, anapeleka namba ofisini kwao.

Nikaufungua ukurasa. Ulishuka polepole, kipande kwa kipande. Namba zikaja, maneno yakaja, picha hazikuja. Mahali pa kila picha palikuwa na kisanduku cheupe, na ndani yake alama nyekundu ya mkasi, kama ile ya mwalimu anapokosoa hesabu.

Yule mama alikigusa kimoja kwa kidole.

"Hii alama nyekundu," akaniuliza, "ni kusema bamekufa?"

Nilimjibu kwa ukali ambao sikuukusudia kwamba hapana, ubovu ni wa kompyuta, watoto ni wazima. Hilo la pili sikulijua, nililisema tu.

Akaniomba nimsomee maneno ya wasichana. Nilipofika kwa mmoja, mwenye umri wa miaka sita hivi, aliyeokotwa njiani karibu na mpaka, alinishika mkono. Ndiye, akasema. Namba ile aliirudia mpaka akaishika kichwani. Tangu hapo kila siku ya soko alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, nami nikamfungulia kisanduku kile. Alikikodolea macho huku akinisimulia habari za mtoto: kovu la moto shavuni, maharagwe asiyoyataka, kidole anacholala nacho mdomoni. Wateja walinung'unika kusubiri. Niliwajibu vibaya, na baadhi yao hawakurudi.

Nilipiga simu ofisini kwa shirika lile. Sauti ya upole ikaniambia mzazi autambue uso kwanza, ndipo waanze kufuatilia. Nikasema picha hazifunguki kwetu. Sauti ikanishauri nijaribu brauza mpya zaidi. Nilikata simu bila kuaga, nikatoka nje kupoza hasira.

Simu za kugusa zilikuwa bado za wachache, yangu ilikuwa katochi, ya sauti na tochi basi. Kasese mjini ndiko kulikokuwa na kafe za intaneti zenye mashine mpya. Kwenda peke yangu kungekuwa kazi bure, maana uso wa mtoto siujui. Naye karatasi yake ya mpakani ilimfikisha sokoni tu. Kuvuka kizuizi cha polisi cha njia ya Kasese ilikuwa habari nyingine, na aliogopa kurudishwa kwenye risasi. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimvika gomesi yangu, vazi la wanawake wa huku, nikamwambia kizuizini asifungue mdomo, tukapanda gari la Kasese.

Askari wa pale alinifahamu, nilishamchapia barua. Akachungulia ndani ya gari.

"Huyu nani?"

"Mke wa kaka yangu, afande."

"Haya, pita. Haraka."

Kule kafe picha zilifunguka zote kwa mara moja, nyuso juu ya nyuso, watoto wakitutazama. Nilizisogelea utadhani wa kwangu ndiye aliyepotea. Nikaitafuta namba yetu. Alikuwa msichana mwenye macho makubwa na sweta ya kijani, na mashavu yake hayakuwa na kovu lolote.

"Si yeye," akasema.

Tukawatazama wote, hata wavulana. Tulipofika mwisho akaniomba tuanze tena, tukaanza tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikibonyeza. Tukarudi Bwera. Alivua gomesi nyuma ya duka langu, akaikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilidhani sitamwona tena, na kwa kweli nilitamani iwe hivyo, kwa sababu sikujua nitamtazamaje. Siku ya soko iliyofuata akaingia, akatua beseni, akakaa kwenye kiti kilekile. Akanitaka nifungue ukurasa. Nikamkumbusha taratibu kwamba hapa kwangu picha hazionekani, na kwamba zile zote tumeshaziona, mtoto wake hayumo.

"Kule Kasese iko batoto ba batu," akasema. "Huku, wangu bado iko."

Nikamfungulia, na mteja aliyekuwa mlangoni nikamwambia asubiri.