Waya Chini ya Meza ya Kukatia

Chuoni walimwita Mwalimu Saketi, na jina hilo alilipenda. Kila muhula ulipoanza alichora ubaoni betri, balbu na mistari ya kuviunganisha. "Mistari hii ni waya," alisema. "Hesabuni ukinzani wa balbu. Waya tunauchukulia kuwa hauna ukinzani, tusije tukazama kwenye hesabu tukapotea njia." Kwa mchoro maneno hayo hayana kasoro. Kwa waya wa kweli ni uongo, maana nao huukinza umeme na kupata joto, naye alilijua hilo vizuri. Ila mtu akirudia uongo mdogo miaka nenda miaka rudi, mwisho huenda nao hadi nyumbani.

Ndivyo ilivyokuwa dada yake mkubwa alipofungua chumba cha ushonaji. Mwalimu hakukubali fundi mwingine aguse umeme wa dada yake, thubutu! Alikaa na kalamu akajumlisha mikondo: cherehani za mota, taa, na ile pasi kubwa inayokula umeme kuliko vyote. Kila kimoja huvuta mkondo wake, na mikondo yote hupita kwenye waya mmoja unaotoka ukutani. Hesabu ikatoka safi. Waya wenyewe hakuuhesabu. Ulikuwa mwembamba na mrefu, wa mazoezi ya darasani. Uliobaki akauzungusha duara, akausukuma chini ya meza ya kukatia, penye vipande vya vitambaa.

Mchana mmoja, watu wakiwa wametoka kwenda kula, chumba kikawaka. Hakuna aliyeumia, lakini nguo za wateja na cherehani karibu zote ziliteketea.

Lawama ikamwangukia shemeji, mume wa dada, ambaye ndiye mpiga pasi wa pale. Maskini, ni msahaulifu wa kutupwa: huitafuta kofia iliyo kichwani mwake, na mtaa mzima humtania. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Umeiacha pasi!" dada alimfokea mbele za watu. "Nilikwambia hicho kichwa chako kitatuua!"

"Labda niliiacha, mke wangu," akajibu kwa sauti ndogo. "Sikumbuki."

Kesho yake Mwalimu alikwenda kusaidia kuzoa majivu. Pasi aliikuta kwenye meza yake, imezimwa, na meza hiyo ilishika masizi tu. Chini ya meza ya kukatia ndiko kulikokuwa kweusi tii, na lile duara la waya limeyeyuka likagandana. Akaelewa papo hapo. Asubuhi nzima waya ulibeba mzigo wa vyote, ukapata joto, vitambaa vikaanza kufuka polepole, wenyewe wakaenda zao kula. Akaangaza huku na huku, kisha akautia waya kwenye mkoba wake. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu! Aibu iliyoje.

Alijiambia atasema kesho, na kesho ikazaa kesho. Waya ukabaki mkobani, maana hata kuutupa aliogopa. Kila alipokwenda kwa dada yake alimkuta shemeji amekonda, anarudi jikoni tena na tena kupapasa jiko lililokwisha kuzimwa. Siku moja dada alimnyooshea mumewe mtoto wao mchanga ampakate, naye akarudi nyuma.

"Mpe mama yake mdogo," alisema, akimwonyesha Mwalimu. "Mimi nitamsahau mahali."

Hapo Mwalimu hakuweza tena. Alifungua mkoba, akaweka waya mezani. "Dada, si yeye. Ni mimi. Moto ulianzia hapa. Waya niliokuwekea haukuweza kubeba mzigo ule."

Dada aliutazama waya, kisha akamtazama mdogo wake. "Umejua lini?"

"Siku ile ya kuzoa majivu."

Alijiandaa kwa matusi, hata kofi. Angelipokea kwa mikono miwili. Wala halikuja. Shemeji ndiye aliyesogea, wala waya hakuuangalia.

"Kwa hiyo pasi niliizima?"

"Uliizima, shemeji."

"Niliizima," akarudia. Akaketi sakafuni, akalia kwa kwikwi mbele yao, bila kujificha. Dada akaketi kando yake, akampa mtoto, akawa anamwomba radhi kwa sauti ya chini.

Mwalimu alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia akae, na hakuna aliyemwambia aondoke.