Mimba ya Mgongoni

Mimi ni mtu wa ndani. Nilipokuwa sekondari pale Tabora mjini, wenzangu waliingoja Jumamosi kwa hamu ili wapewe ruhusa ya kwenda sokoni. Mimi nilibaki bwenini nikifuma vitambaa vya meza ambavyo hakuna meza iliyowahi kuviona. Kwa hiyo watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, na mume wangu mwalimu akapangiwa kijiji kipya upande wa Puge, nilikwenda kama paka anayehamishwa ndani ya gunia. Njia sikuiona, na nilipofunguliwa nilitafuta uvungu wa kujificha.

Uvungu haukuwepo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango unatazama mlango, na ukipika mboga ile ile siku tatu jirani anakupa pole. Shamba la kijiji lilikuwa la wote, na mke wa mwalimu naye alitakiwa ashike jembe.

Miaka minne ya ndoa sikupata mimba. Nilipimwa hospitali, sikuambiwa kitu cha maana. Nilikunywa dawa ya mizizi aliyoniletea mama mkwe kutoka Lusu ndani ya chupa iliyokuwa ya mafuta ya taa, nikapata ladha ya vyote viwili. Mwaka wa tano ikaingia. Furaha ikanitoa akili. Mimi nisiyependa kusema, nikasema. Nilimwandikia mama barua, nikamwambia jirani, nikaanza kufuma soksi. Zilikuwa kubwa kiasi kwamba mume wangu aliuliza tunamtarajia nani.

Mwezi wa tatu ikatoka. Kijiji kizima kikaja kunipa pole. Wanawake walikaa kwenye mikeka siku mbili, wakizungumza habari za mvua na kunitazama tumboni. Mama mkwe hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungenyamaza mpaka watu wajionee wenyewe." Maneno hayo nilikaa nayo mwaka mzima.

Kwa hiyo ilipoingia ya pili, niliapa kwamba safari hii sisemi. Walijua watu wawili. Mmoja ni mume wangu. Wa pili ni mkunga wa zahanati, ambaye asingeweza kutojua kwa sababu ndiye aliyenipima. Hata mama mkwe nilimficha.

Mkunga huyo alikuwa Mzaramo, maana yake mtani wangu. Sisi Wanyamwezi na wao tunataniana tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakifika pwani na mizigo ya pembe za ndovu. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli hata msibani, na huna haki ya kununa. Katika zile siku mbili za pole, ni yeye peke yake aliyenichekesha. Alizichukua zile soksi, akajaribu kuzivaa mbele ya watu, akasema zinamtosha, nimfumie na kofia.

Ila siku ya kunipima mara ya pili hakutania. Alinawa mikono taratibu, akasema, "Usiiname. Usinyanyue ndoo. Mpaka mwezi wa nne uishe."

"Na palizi je?"

"Nitakuandikia mgongo."

Cheti cha mgongo kilinisaidia wiki mbili. Wiki ya tatu balozi wa nyumba kumi akasimama mlangoni.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Mke wa mwalimu, huo mgongo hauponi? Watu wananiuliza mimi. Kesho njoo shambani, hata kama ni kusimama tu wakuone."

Nilikwenda. Pamba ilikuwa imefika magotini na majani yalikuwa yanaishinda. Wote walikuwepo, hata mkunga, kanga kaifunga kiunoni na jembe mkononi. Nilipotokea tu, wanawake wakaanza.

"Kidato cha nne hakiinami."

"Kinainama, kikiona sahani."

Nilicheka nao, maana hata mimi ningesema hivyo. Lakini balozi hakucheka. Alinyoosha jembe kuelekea kwangu. "Sasa mbele ya wenzako wote, sema. Unaumwa nini hasa?"

Majembe yakasimama. Nikisema, nitakuwa nimerudia kosa lile lile. Nisiposema, nitainama kwenye pamba mpaka adhuhuri. Nilikuwa na wiki kumi. Mdomo niliufungua, na hata leo sijui ningesema nini.

"Ana mimba," mkunga akasema.

Niligeuka kutazama njia ya nyumbani.

"Hamuoni? Mnyamwezi akikataa mzigo ujue ana mimba. Tena imekaa mgongoni, huko huko walikobebea babu zenu. Walikuja kwetu na mizigo miaka yote hiyo, wengine wakasahau kuitua. Sasa inazaa."

Shamba zima likalipuka kwa kicheko. Mama mmoja akamjibu kwamba wao Wazaramo hawawezi kuumwa mgongo, wameulalia tu wakingoja nazi zidondoke. Hata balozi alijifuta machozi. Akaniambia niende nikakoroge uji wa wapaliliaji, nisije nikazalia kwenye pamba. Siri yangu ilikuwa imetangazwa mbele ya kijiji kizima, na hakuna hata mmoja aliyeiamini, kwa sababu imesemwa na mtani.

Tangu siku hiyo nikawa nasalimiwa hivyo. "Mimba ya mgongoni haijambo?" Nami najibu, "Haijambo, inanisumbua kulala." Nilikuwa nasema kweli kisimani, nasema kweli dukani, na watu wanacheka. Nilijiona mjanja sana. Nilidhani hatimaye nimepata uvungu wangu.

Haikufika wiki mbili. Jumapili moja mchana nilikuwa nachambua mchele. Nilihisi maji ya moto, nikatazama, hayakuwa maji. Mume wangu alimkimbilia mkunga. Mtani wangu alifanya kazi yake mpaka jua likaegemea, hakusema neno ambalo halikuwa la kazi. Beseni alilitoa yeye mwenyewe, amelifunika kwa kanga yake.

Safari hii hakuna aliyekuja kunipa pole. Nilikuwa nimefaulu. Mkeka ulibaki umekunjwa. Mume wangu alikwenda kufundisha Jumatatu asubuhi kama kawaida, akarudi mchana, akala amesimama. Alhamisi mama mkwe akafika kutoka Lusu na chupa nyingine, akaniambia nisikate tamaa, huenda chupa ya kwanza ilinifungua njia. Niliinywa mbele yake mpaka tone la mwisho.

Mkunga alitaka kuniandikia cheti kingine. Nilikataa. Balozi angerudi mlangoni, na sikuwa na nguvu ya kuulizwa tena. Siku ya kumi na mbili nilichukua jembe, nikaenda. Mkunga akashika mstari wa kando yangu.

"Leo mgongo umepona," mmoja akasema.

"Na mimba je?" akadakia mwingine. "Umemwachia nani?"

Wote walinigeukia wakingoja, nyuso zimeshaanza kucheka. Ningeweza kusema. Ningesema, wangetupa majembe chini na kulia nami, nawajua. Nikainama.

"Nimeiacha nyumbani," nikasema, "inapika."

Walicheka mpaka wakaegemea mipini. Mkunga hakuinua kichwa. Alipalilia mstari wake na nusu ya wangu, haraka haraka, kama mtu anayekimbizana na mvua.