Sindano Niliyowakataza Wenzangu

Jumanne, tarehe 14 Novemba 1995. Mvua imenyesha tangu asubuhi, kwa hiyo wanawake waliofika kliniki hapa Mkolani walikuwa wachache. Nesi aliniomba niwasimulie yaliyonipata. Sijui kama nilisimulia vizuri, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu, na nilikuwa na nguvu zangu. Mwezi wa tano nilikanyaga mfupa kwenye matope, ukazama kisiginoni. Nikaung'oa, nikafunga kitambaa, nikaendelea kukaanga.

Siku ya nane taya lilikaza. Mama mkwe alifika, nikashindwa hata kumwamkia.

"Leo shikamoo imekwisha, mwanangu? Umeninunia?"

"Hajanuna, mama," alisema Masanja, mume wangu. "Mdomo haufunguki."

Jioni shingo ikakaza, mgongo ukapinda kama upinde. Mkojo ulinitoka. Akili ilikuwa timamu, nilisikia kila kitu.

Hospitalini daktari alimwuliza Masanja, "Alichanjwa pepopunda?"

"Alikataa. Akawaambia na wenzake kwamba ile sindano inafunga uzazi."

Alisema kweli. Uvumi niliusikia sokoni Mirongo, lakini kuusambaza nilisambaza mwenyewe.

Daktari alimweleza, nami nasikia: ndani ya mishipa ya fahamu kuna vifuko vidogo vyenye kemikali ya kutuliza misuli. Kuna protini inayosaidia kifuko kushikana na utando wa seli na kumwaga kilichomo. Sumu ya pepopunda huikata protini hiyo, basi misuli haiambiwi tena ilegee. Labda nakosea kidogo, nina darasa la saba tu. Mpaka leo sijaamini kwamba kitu kidogo hivyo kilitaka kuninyima pumzi.

Walinipa dawa, wakanilaza chumba chenye giza. Kelele kidogo tu, napinda. Mama mkwe aliniombea kwa sauti, na kila "Amina" ilinikunja mpaka nikauma ulimi. Alipoelezwa alilia, kisha akahamia mlangoni. Wanakwaya waliokuja kuniimbia aliwarudisha: "Nyimbo mkaimbie nyumbani. Na wewe mwenye kikohozi, kakohoe getini."

Wiki tano nilinyweshwa uji kwa mpira wa puani. Nawashukuru wote, hata waliorudishwa.

Leo mwanamke mmoja aliniuliza mbele za watu, "Si wewe uliyeniambia nisichomwe?"

"Ni mimi. Nilikosea. Osha kidonda, na chomwa sindano."

Akapandisha mkono wa gauni.

Jioni tumekula ugali na sato wa kuchemsha. Nilitafuna taratibu, mama mkwe akilitazama taya langu.