Pijo Lililopita Jumapili Saa Tisa

Ni kweli tupu. Nina digrii ya Chuo Kikuu cha Mlimani, sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Nimejichunguza huku na huku nikitafuta pa kujikosoa, sijapata. Nisikilizeni tu.

Mnaijua ile amri ya mafuta: Jumapili ikishafika saa nane mchana, magari ya watu binafsi hayatembei. Hapa Mtoni, Barabara ya Kilwa hunyamaza mpaka kuku wanajipumzisha katikati ya lami. Nilisimama kando yake nikimngoja mama atoke kwa jirani, huku nikihofia kazi mpya niliyopangiwa, kama nitaiweza au nitaaibika.

Mara likaja gari, Pijo. 404, rangi ya maziwa, madigadi ya mbele imebonyea. Jamani, bonyeo lile nalijua! Nililitia mwenyewe kwa baiskeli nikiwa darasa la pili. Na kutoka ndani nikasikia ko, ko, ko. Gololi yangu ya bluu! Niliitumbukiza utotoni kwenye kisahani cha majivu cha mlango wa nyuma, ikanasa, ikawa inagonga kila kona ya kwenda kwa bibi, Kisarawe.

Lakini gari lile lilichinjwa vipuri gereji ya Keko, mie nikiangalia. Na dereva wake, baba yangu, alizikwa nikiwa shule ya bweni Tabora. Sikumwahi. Tangu hapo nilikuwa nikiomba kitu kimoja: tuonane tena, hata kidogo tu.

Likasimama. Baba akatoa kiwiko dirishani.

"Profesa wangu! Mbona barabara tupu hivi? Watu wamekufa wote?"

Unajua nilimjibu nini? Wallahi, nilisema: "Baba, saa nane imeshapita. Una kibali?"

"Kibali cha nini tena?"

Amri ilikuja yeye ameshafariki, angejuaje? Basi nikaanza kumweleza: meli za mafuta, bei za dunia, polisi wanaosimama darajani. Nikaeleza weee, kama niko semina. Akanisikiliza akitabasamu, vilevile alivyokuwa akinisikiliza nikimsomea ripoti ya shule.

"Haya, mwanangu. Nisikutie matatani." Akaingiza gea. Ko, ko, ko, hadi darajani. Kisha kimya. Kuku hata hawakusogea.

Mama alipotoka nilimsimulia. Hakuuliza gari, hakuuliza sura.

"Ulimwamkia?"

Sikumwamkia.

Mama akajiziba mdomo kwa pindo la khanga, akatangulia nyumbani.

Alikuwa yeye? Lilikuwa jua la mchana? Nawaza mpaka kichwa kinauma. Siku hizi kila Jumapili mchana nasimama palepale. Yanapita magari machache yenye vibali, la daktari, la serikali, nami nayaamkia yote. Madereva wananicheka.

Nawe, ukiliona gari mahali lisipopaswa kuwa, na ndani yumo mtu wako, maswali yako yaweke mfukoni. Shikamoo kwanza. Huenda mmepewa nafasi ya neno moja tu.