Meno Yaliyochongwa Kibua

Shangazi yangu alinichonga meno manne ya mbele ya juu kwa patasi ndogo, nikiwa nimelala chali nyuma ya nyumba yetu Kibua, kipande cha mti kati ya magego. Siku tatu nzima, hata maji ya kunywa yaliniliza. Yeye alikuwa ameshachonga wasichana wengi na hakuwa na haraka.

"Vumilia, mutoto wangu," aliniambia. "Mwanaume akikuona unacheka, atasahau njia ya kwao."

Akaisahau kweli. Alikuwa kijana wa Masisi, wa familia ya Kikristo ya wakulima wa maharage, aliyeshuka kwetu kutafuta mafuta ya mawese. Alinichekesha makusudi ili ayaone meno. Wazee walipoelewana nilipanda naye milima hadi kwao, na baridi ya kule iliniuma meno kila nilipocheka. Nilicheka hivyo hivyo.

Mambo yaligeuka alipofanywa mwalimu wa shule ya misheni, miaka ya hamsini ilipoanza. Alinunua viatu, akaanza kuitafuta ile kadi waliyopewa Waafrika walioonekana wamestaarabika. Kabla ya kuipata, ilibidi Mzungu wa serikali aje nyumbani kwako kukagua vitanda, uma, choo na mke. Vitanda na uma tulikuwa navyo. Taabu ilikuwa mke. Mume wangu alinifundisha kuziba mdomo kwa leso kila mgeni alipoingia, kisha hata leso akaona haitoshi.

"Mwanamuke wa mwalimu hawezi kuwa na meno ya pori," akasema. "Tutaitoa, tuweke ya bandia."

Nilimkumbusha nani alikuwa akinichekesha kule Kibua. Akasema wakati ule alikuwa mjinga. Na mimi nilikuwa mjinga zaidi, maana nilikubali. Mganga wa dispansari aliyang'oa yote manne asubuhi moja, akaahidi kwamba ya bandia yangetoka mjini fizi zikishapona. Fizi zilipona. Meno hayakuja, na kila nilipouliza niliambiwa nisubiri. Majirani wakaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Ni rahisi kusema hivyo kama maji hayakuwa yako.

Mzungu alikuja siku ya mvua. Alipapasa shuka, akatazama uma, akaenda hadi chooni akarudi ameridhika. Kisha akatoa mashine ya kupigia picha. Alikuwa amesikia kwamba mke wa mwalimu ametoka Kibua, na yeye alikuwa akikusanya picha za meno ya kuchongwa kabla desturi hiyo haijaisha. Akaniomba nicheke.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaondoa leso, nikafungua kinywa.

"Ni hasara, Mama," Mzungu akasema. "Ile meno njo ilikuwa kitu muzuri ya kwenu."

Mume wangu akamjibu upesi kwamba ni mimi niliyetaka yang'olewe, kwa kuwa wanawake wanapenda sana mambo ya Kizungu. Wakacheka wote wawili. Kadi alipewa, na mimi sijamsamehe mpaka leo. Alicheka akiwa ameegemea mlango wetu, kinywa wazi, na meno yake yalikuwamo yote.