Mtu wa Kusukuma

Baba yangu hakumwita mume wangu mkwe, wala hakumwita kwa jina. Alimwita mtu wa kusukuma. Nilipompigia simu kutoka Kampala aliulizia watoto, akaulizia mvua, akalalamikia magoti yake, na kabla ya kukata lazima angesema, "Na yule mtu wa kusukuma, hajambo?"

Jina hilo lilianza siku ya harusi yetu. Baba alibeba abiria kwa baiskeli ujana na utu uzima wake wote pale mpakani Busia, kutoka lango la Kenya hadi lango la Uganda na kurudi, enzi ambazo bodaboda ilikuwa na pedali na mto mwekundu juu ya keria. Kwake yeye baiskeli ni kitu cha kukaliwa. Mtu ukimkuta anaisukuma, basi ana pancha, na unampa pole. Siku ile, mbele ya wazee wote, akamuuliza mume wangu kama huko kwao Kongo wanajua baiskeli. Mume wangu akajibu kwa adabu kwamba wanaijua sana. Yeye mwenyewe alisafirisha mafuta ya mawese kule Maniema miaka mingi, wakati magari yalipoacha kufika. Walifunga majerikeni huku na huku, wakafunga fimbo moja kwenye usukani ya kuelekezea na nyingine nyuma ya kiti ya kushikia, wakasukuma msituni wiki baada ya wiki.

"Sasa wewe unakaa wapi?" baba akauliza.

"Mimi siikale, baba. Muzigo njo inaikala."

"Mzigo ndio unaokaa!" baba akarudia kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie, akacheka mpaka akakohoa. Mume wangu naye alicheka, kwa sababu ni mtu wa heshima. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona anavyokunja na kukunjua kitambaa chake cha mfukoni.

Miaka ikapita. Tulipanga nyumba chini ya kilima cha Lubaga, yeye akishona sare za shule barazani, mimi nikitunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Old Kampala. Simu ya baba ikilia na mimi nimeweka spika, mume wangu alikuwa anainamia cherehani na kukanyaga kwa nguvu ili asisikie mwisho wa mazungumzo. Nilimwambia baba aache. Baba akasema ni utani tu. Utani wa miaka kumi na zaidi unachosha, hata kwa mtu mpole.

Basi Jumapili moja kanisani wakatangaza safari ya baiskeli, siku tatu, Kampala mpaka Busia. Wanaotaka wajiandae, wataanza mazoezi Jumamosi. Tulipofika nyumbani mume wangu alivua koti, akalitundika, akaniambia, "Mama, tutaenda. Ntafika kwa baba mukwe nikiwa nimeikala."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wiki ile ile alileta baiskeli mbili nyeusi kuukuu, nzito kama mlango wa chuma, akazifungua zote barazani na kuzipaka grisi. Mimi baiskeli nimeijua tangu utotoni, nilijifunza kwenye ile ya baba nikipitisha mguu chini ya fremu. Kampala lakini mwanamke juu ya baiskeli ni sinema ya bure. Jirani yetu, bibi mmoja Mganda ambaye maisha yake yote alipanda baiskeli kwa nyuma tu, ameketi upande na mkoba mapajani, alinishika mkono kwa huruma. "Bambi, bwana yako nakosa pesa ya boda?"

Jumamosi ya kwanza tulipanda Lubaga. Naomba nimsifu mume wangu hapa, kwa sababu baadaye nitamsema. Ile miguu haikuwa ya fundi cherehani. Aliwapita vijana wa kwaya, akanipita mimi, akafika juu kwenye kanisa kuu akiwa anapumua kama mtu aliyetoka kuoga. Nilimfikia nikiwa nahema, nikasema moyoni, mzee wangu, umemaliza kazi. Kisha nikaachia breki, nikateremka na upepo masikioni, nikasimama chini pamoja na wenzangu, nikageuka kumtazama.

Hayupo. Tulisubiri. Muda mrefu baadaye akatokea, anatembea. Yuko upande wa kushoto wa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, mwili ameuegemeza nyuma kama mtu anayezuia ng'ombe asikimbie. Baiskeli yenyewe haikuwa na kitu chochote. Akatufikia, akasalimu, akapanda tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Ikawa hivyo kila kilima. Na Kampala, Mungu wangu, Kampala ni vilima. Old Kampala alipanda akiwa amekaa, akashuka kwa miguu. Barabara ya kwenda Ggaba, kila panapoinuka yuko mbele, kila panapoinama yuko nyuma. Vijana wa bodaboda kwenye kona zao walimzoea, wakawa wanampigia honi za kumshangilia. Mimi sina subira, na sitajifanya kwamba ninayo. Nilimgombeza njia nzima. Nilimwambia watu duniani wanapanda mlima kwa taabu ili wapate kuuteremka kwa raha, yeye peke yake ndiye anayekula mfupa na kutupa nyama. Alisikiliza yote, akasema, "Ni kweli, Mama," na mteremko uliofuata akashuka kwa miguu.

Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa michezo, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, na Kiswahili chake alikiokota kwa baba yake aliyekuwa askari. Jumamosi ya nne alituita pembeni.

"Musee, mimi napenda wewe. Lakini hii balabala ya Jinja iko na milima. Wewe nashuka na mguu, sisi nangoja wewe mpaka jua nakwisha. Jumamosi ya mwisho mimi nasimama chini ya Lubaga. Kama wewe nafika na mguu, wewe nabaki na cherehani yako."

Mume wangu akaitikia, "Sawa, mwalimu." Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya harusi.

Jumamosi hiyo tulifika mpaka Ggaba ziwani. Wenzetu walikaa pamoja wakipiga kelele, sisi tukachukua samaki wa kukaanga na kukaa kando, karibu na wanawake waliokuwa wakipaa magamba. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutosikia chumvi. Nikamuuliza, safari hii bila kugomba, anaogopa nini.

Akanawa vidole kwanza. Akaniambia kupanda mlima mzigo unakuchosha tu, lakini kushuka ndiko unakokuua. Unapopanda wewe ndiye bwana. Unaposhuka mzigo ndio bwana, na kazi yako ni kuushikilia mpaka chini, hata mikono ichanike. Alikuwa na rafiki waliyetoka naye kijiji kimoja, walilala mkeka mmoja safari zote. Siku moja mvua imenyesha, mteremko una utelezi, baiskeli ikamshinda rafiki yake, ikamvuta, na majerikeni yote yakamwangukia. Walimzika pale pale kando ya njia.

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisimulia hilo. Nilimrudisha samaki kwenye sahani. Nikamwambia, taratibu kidogo, "Lakini sasa huna mzigo, mzee wangu."

"Miye minajua. Mikono njo haijajua."

Nilirudi Lubaga nyuma yake siku ile, na kila aliposhuka kutembea, na mimi nikashuka nikatembea. Vijana wa bodaboda walipata vya kushangilia maradufu.

Mimi nina hasira, lakini pia nina akili. Wiki ile, nikiwa naosha vyombo, niliangalia ile jerikeni ya njano tunayowekea maji ya jikoni, nikaiona kwa macho mengine. Jumamosi asubuhi nikayamwaga maji yote, nikaifunga kwa mpira juu ya keria yake, pale nyuma ambapo mkono wake ulizoea kuzuia mzigo. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Tulipofika juu ya Lubaga nikaifungua, nikafungua kifuniko, nikaigeuza juu chini mbele ya uso wake. Likadondoka tone moja.

"Tazama. Hakuna kitu. Sasa gonga."

Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama ngoma. Nikaifunga tena, akagonga tena bila kuambiwa. Akakaa kwenye kiti, mguu mmoja bado uko chini, akapeleka mkono nyuma na kugonga mara ya tatu. Kisha akainua ule mguu. Alienda hatua chache tu, akashuka. Tukarudia. Asubuhi nzima tulishinda pale, waumini wakitoka misa na kutupita, sisi tukigonga jerikeni. Mchana wa siku ile aliteremka nusu ya kilima akiwa amekaa, breki zinalia njia nzima, na nilimpigia vigelegele bila kujali nani ananiona.

Jumamosi ya mwisho mwalimu alisimama chini na filimbi yake. Mimi nilikuwa juu na mume wangu. Akagonga. "Tupu?" nikamuuliza. "Tupu," akasema, akaenda. Alishuka polepole kiasi kwamba watoto waliokuwa wakikimbia kando walimpita, lakini alishuka amekaa, mpaka chini kabisa. Mwalimu akapuliza filimbi na kucheka. "Musee nabeba hewa! Twende, musee, peleka hewa Busia!"

Na kweli aliipeleka. Mukono, Jinja, Iganga, Bugiri, kila penye mteremko alipeleka mkono nyuma, akagonga, akaenda. Wenzetu walizoea ule mlio. Siku ya tatu tukafika mpakani, tukasali, tukapiga picha, na kikundi kikabaki pale kutafuta malazi. Sisi wawili tukavuka, kwa sababu nyumbani kwetu ni mbele kidogo, nje ya mji. Nilikuwa nimempigia baba simu. Alisema ameshatoa kiti nje, amekaa langoni, anataka kumwona yule mtu wa kusukuma akija.

Tulipouacha mji nyuma, baiskeli yangu ikafa. Nilikanyaga pedali zikazunguka bure, gurudumu la nyuma halikuvuta tena. Fundi wa kando ya njia aliitazama, akasema tuiache mpaka kesho. Nikakaa juu ya jiwe na kutaka kulia. Mume wangu akafungua ile jerikeni kwenye keria yake, akanipa niishike, akaipangusa keria vumbi kwa kiganja.

"Panda, Mama."

Nikakaa upande, kama yule jirani yangu, na jerikeni tupu mapajani. Nilijua uzito wangu, nikadhani tutaanguka. Hatukuyumba hata kidogo. Katika mazoezi yote sikuwahi kumwona akiendesha vizuri namna ile. Baiskeli ilikuwa imepata kile alichokizoea yeye, mzigo.

Njia ya kwetu inapita tambarare, kisha inateremka mara moja mpaka langoni kwa baba. Tulipofika pale juu nilimwona baba chini, kwenye kiti chake, kofia magotini, anatazama juu. Na yeye alituona. Ndipo mume wangu alipokamata breki, akasimama, akashuka.

"Unafanya nini?" nikamwambia. Damu ilinichemka. "Baba anatuona! Pale tu, ni pale tu! Nitashuka mimi, nitatembea, wewe nenda ukiwa umekaa!"

"Ikala," akasema. "Umechoka."

"Gonga!" nikamwambia, nikamnyooshea ile jerikeni. Hakuitazama.

"Mama, leo haiko tupu."

Akashika usukani kwa mkono mmoja. Wa pili akaupitisha nyuma ya kiti, karibu na kiuno changu, akaegemeza mwili nyuma, akaanza kunishusha. Nilisikia kila hatua yake ikikanyaga na kuzuia, nikaona mishipa ya mkono imetoka. Hasira iliniisha katikati ya mteremko, na mahali pake nikabaki na mapenzi tu, mengi, kwa mtu huyu ambaye nilimgombeza vilima vyote vya Kampala. Alinifikisha mbele ya baba, akasubiri miguu yangu yote miwili iguse chini, ndipo akalegeza mkono.

Baba hakucheka. Aliinama akatazama tairi la mbele, kisha la nyuma.

"Ina pancha?"

"Hapana, baba."

"Breki zimekatika?"

"Ziko muzuri."

"Sasa mbona umeshuka?"

"Nilikuwa nimebeba mutoto yako," mume wangu akasema.

Baba alitazama juu ya mteremko. Alikuwa amebeba abiria maisha yake yote, na nadhani alikuwa anawakumbuka, wote aliowateremsha kwa kasi huku wamefumba macho. Kisha akainuka kwenye kiti, magoti yake yakilia, akaunyoosha mkono na kuuchukua ule usukani.

"Mwambie mkwe wangu akae," akaniambia.

Mume wangu akakaa kwenye kiti cha baba. Na baba akageuka, akaisukuma ile baiskeli mwenyewe, polepole, mpaka kwenye ukuta wa nyumba.